Mawasiliano ya redio katika mbio za magari

Mawasiliano ya redio katika mbio za magari ni mazungumzo ya hewani kati ya dereva aliye mbioni na timu yake iliyo kando ya barabara. Yameshamiri zaidi katika Formula 1, ambayo mashabiki wa Kenya huiita langalanga. Huko maamuzi mazito ya mashindano, tangu saa ya kubadili matairi hadi nani ampishe nani, hupitia redioni.

Kabla ya redio

Kwa miongo mingi dereva aliarifiwa kwa mbao zilizoandikwa nafasi yake, mizunguko iliyobaki na sekunde zinazomtenga na mpinzani. Alfred Neubauer, meneja mashuhuri wa Mercedes, huhesabiwa kuwa mwasisi wa mbao na bendera hizo katika miaka ya 1920. Mbao hazijatupwa; redio ikikatika, ndizo tegemeo.

Mfano maarufu wa enzi hiyo ni Mille Miglia ya Italia, tarehe 1 Mei 1955. Stirling Moss aliendesha Mercedes-Benz 300 SLR, na pembeni yake alikaa mwandishi wa habari Denis Jenkinson, ameshika kisanduku chenye karatasi iliyoviringishwa, ndefu zaidi ya mita 5, iliyoorodhesha kona na hatari za njia nzima. Walikuwa wamejaribu kuzungumza kwa maikrofoni, lakini Moss alizama mno katika uendeshaji hata maneno yakampita. Wakakubaliana kutumia ishara za mkono. Walishinda kwa saa 10 na dakika 7, wastani wa zaidi ya kilomita 157 kwa saa katika barabara za kawaida za vijijini na mijini.

Vifaa

Maikrofoni imo ndani ya helmeti, vipokea sauti hufinyangwa kwa umbo la sikio la dereva, na kitufe cha kuzungumzia kipo kwenye usukani. Takwimu za gari humiminika kwenda kwa timu, lakini timu hujibu kwa sauti tu, kwani kurekebisha gari kutoka piti, yaani kituo cha timu kando ya njia, kumepigwa marufuku tangu 2003.

Lugha ya hewani

Kwa kawaida mhandisi mmoja ndiye huzungumza na dereva. Wenzake humlisha habari. Adabu ni kutomsemesha dereva akiwa katikati ya kona. Sentensi ni fupi na hurudiwa. "Boksi, boksi" ni amri ya kuingia piti. Mipango ya mbio hupewa herufi na mipangilio ya injini hupewa namba, kwa kuwa wapinzani nao wanasikiliza.

Amri ikichelewa hata kidogo, hasara ni kubwa. Monaco, Mei 2022, Charles Leclerc wa Ferrari aliitwa boksi, kisha akaambiwa abaki nje akiwa tayari ameshaingia njia ya piti. Mbele yake alimkuta mwenzake Carlos Sainz akibadilishiwa matairi, ikambidi asubiri. Aliyeanza wa kwanza, tena nyumbani kwao, akamaliza wa nne.

Wapo madereva wasiopenda kusemeshwa. Kimi Räikkönen, Abu Dhabi 2012, alimwambia mhandisi wake amwache kwa sababu anajua anachokifanya. Alishinda, na kauli hiyo ikaishia kwenye fulana.

Amri za timu

Amri za kupanga matokeo zilipokuwa marufuku, redio iligeuka uwanja wa mafumbo. Hockenheim, tarehe 25 Julai 2010, mhandisi Rob Smedley wa Ferrari alimweleza Felipe Massa, kwa utaratibu na kwa kutilia mkazo, kwamba mwenzake Fernando Alonso ana kasi kuliko yeye, kisha akamuuliza kama ameelewa. Massa aliyekuwa akiongoza akapunguza mwendo, Alonso akapita na kushinda. Ferrari ilitozwa faini ya dola 100,000, adhabu nyepesi kwa timu ya aina yake, na ushindi haukufutwa. Marufuku yenyewe iliondolewa kuanzia msimu wa 2011.

Malaysia 2013, Red Bull ilitumia msimbo "Multi 21", yaani gari namba 2 la Mark Webber libaki mbele ya namba 1 la mwenzake Sebastian Vettel. Vettel aliusikia, lakini akampita Webber na kushinda.

Vikwazo vya 2014–2016

Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA) lilianza kubana mazungumzo mwaka 2014, likashikilia kanuni kwamba dereva aendeshe gari peke yake bila msaada. Mwaka 2016 kamba ilikazwa hadi mambo yakawa kichekesho. Baku, Lewis Hamilton alihangaika na vitufe vya usukani huku wahandisi wanaojua tatizo wakizuiwa kumwambia. Silverstone, gia ya Nico Rosberg ilikwama zikiwa zimesalia dakika chache. Mhandisi alimpa mpangilio wa kuinasua, jambo lililokubalika, kisha akamshauri aivuke haraka gia ya saba. Ushauri huo wa pili ulimgharimu sekunde 10 na nafasi ya pili, iliyochukuliwa na Max Verstappen. Mwishoni mwa Julai 2016 vikwazo vingi viliondolewa.

Mawasiliano na waamuzi

Baada ya mbio za Abu Dhabi 2021, ambako dunia nzima ilisikia wakuu wa timu wakimshinikiza mkurugenzi wa mbio Michael Masi, mawasiliano ya timu na waamuzi yalibanwa.

Marekani

Katika mbio za magari za NASCAR mwangalizi aliye juu ya jukwaa humwelekeza dereva kwa redio, na mashabiki hukodi redio za kunasia mazungumzo.

Safari Rally

Katika mbio za rali, sauti kuu garini ni ya mwelekezi anayesoma maelezo ya njia. Safari Rally ya Kenya, iliyoanza 1953, iliongeza sauti ya angani: barabara zilikuwa wazi kwa umma, hivyo timu tajiri zilirusha helikopta mbele ya gari na kumwonya dereva kwa redio kuhusu ng'ombe, malori na watu. Mashindano yaliporejea kwenye kalenda ya dunia mwaka 2021, hatua za mbio zilikuwa za barabara zilizofungwa, nyingi karibu na Naivasha.