Kahawia Si Uzee

Ukipita na picha ya zamani ya Mombasa, ya bandari au ya reli ikivuka Makupa kwenda bara, lazima mtu aseme, "Ona ilivyozeeka." Filta za simu nazo zinatuuzia wazo hilo hilo, eti kahawia ni miaka. Hapana. Picha nyingi za karne ya 19 zilizaliwa kahawia, na fundi ndiye aliyechagua ni kahawia gani.

Jambo hili lilijulikana tangu mwanzo. Kule Uingereza, William Henry Fox Talbot alizituliza picha zake kwa chumvi ya kawaida zisiendelee kuungua na mwanga, zikatoka zambarau hafifu. Mwaka 1839 rafiki yake John Herschel akamweleza kuhusu haipo, dawa inayoyeyusha fedha ambayo mwanga haukuigusa. Picha za haipo zikatoka hudhurungi.

Reli ilipoanza kujengwa Mombasa, 1896, kazi ilikuwa na hatua zaidi. Unalaza negativu ya kioo juu ya karatasi yenye fedha, unaanika juani mpaka picha ijitokeze, nyekundu-nyekundu. Ukiitia haipo hivyo hivyo, inaelekea rangi ya kutu. Ukiipitisha kwanza kwenye maji yenye dhahabu, ndiyo, dhahabu halisi, inapoa: kahawia iliyoiva, halafu zambarau, ukichelewa kuitoa, inaelekea buluu. Haipo nayo hula sehemu nyepesi, kwa hiyo juani unaiacha iive kupita kiasi.

Mwisho ni kuosha, na kisiwa hiki kilikuwa na visima vingi vya maji ya chumvi. Chumvi husaidia kuitoa haipo, lakini lazima umalizie na maji matamu. Haipo ikibaki, picha hufifia na kuingia manjano.

Kwa hiyo rangi ni ushahidi. Kahawia ni uamuzi, madoa ya manjano mara nyingi ni haraka. Na reli yenyewe ilileta wafanyakazi zaidi ya 31,000 kutoka India. Karibu 2,500 walikufa. Picha za William D. Young, mpiga picha wa reli hiyo, ni sehemu ya kumbukumbu tuliyobaki nayo. Tukizifanya zote "vintage", tunazigeuza pambo.

Ukiskani picha za nyanya yako, hebu acha rangi kwanza. Hifadhi nakala moja kama ilivyo, madoa na yote. Programu ya kusafisha itakungoja.