Kuku, kitabu na filimbi: jinsi watu wa Bukene walivyomshitakia Mungu

Ukiibiwa baiskeli Bukene, jua halizami kabla hujapewa pole na mashauri matatu. Wa kwanza atakutuma kwa mwenyekiti wa kitongoji na sungusungu wake. Wa pili atakuvuta pembeni akunong'oneze kwamba yupo shehe wa kukusomea halbadiri, na mwizi hatamaliza wiki. Wa tatu, mara nyingi mama mtu mzima aliyekaa na beseni lake la karanga karibu na reli, hatanong'ona wala kukutuma popote. Atasema tu: mwachie Mungu, mwanangu, Mungu si Athumani.

Mashauri hayo hayakuzaliwa siku moja. Bukene iko wilayani Nzega, kwenye reli ya Tabora hadi Mwanza iliyokamilika mwaka 1928, lakini watu walipita pande hizi zamani kabla ya treni. Misafara ya kwenda Karagwe na Buganda ilitoka Tabora ikishika kaskazini, na mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke naye alishika kaskazini mwaka 1858 alipokwenda kulitafuta ziwa. Njia ya namna hiyo hupitisha pembe za ndovu na shanga, na pia hupitisha dhuluma na namna za kuidai haki yake.

Wanyamwezi walikuwa na Mungu wao kabla ya msikiti na kanisa. Walimwita Likube, au Limatunda kwa maana ya muumba, na pengine Limi, yaani jua. Hata hivyo, mtu aliyedhulumiwa hakukaa akalitazama jua. Alikwenda kwa mfumu, yaani mpiga ramli, na mfumu alitaka kuku.

Richard Burton, mpelelezi mwenzake Speke, aliyefika Kaze, Tabora ya leo, Novemba 1857, ameeleza jinsi shauri lilivyoamuliwa mtemi akiugua na watu wakishuku amerogwa. Kuku alilishwa sumu, akanyonyolewa, akapasuliwa. Doa jeusi likionekana karibu na mbawa, wenye hatia ni watoto na ndugu wa mtemi. Likiwa kwenye uti wa mgongo, ni mama au bibi. Mkiani ni mke, mapajani ni masuria, na miguuni ni watumwa wengine. Kila nikirudia maelezo hayo huona mwili wa kuku umegeuzwa kuwa kaya nzima, kila mmoja na kiungo chake, isipokuwa mwenye kaya. Hakuna mfupa wa mtemi mwenyewe. Hukumu iliaminiwa kuwa inatoka juu, ila kisu kilikuwa mkononi mwa mtu anayekula kwa mtemi.

Watemi wao walipodhulumiwa hawakungoja ya kuku. Mnywa Sere wa Unyanyembe alitaka wafanyabiashara Waarabu walipe ushuru, nao wakamng'oa na kumweka Mkasiwa kitini. Aliingia porini akawa anavizia misafara mpaka alipouawa mwaka 1865. Isike, aliyetawala baadaye, alipozidiwa na Wajerumani ndani ya ngome yake Januari 1893, aliwasha ghala la baruti akiwa humo humo. Neno la kumwachia Mungu halikuwa la watu wa namna hiyo. Lilikuwa la mpagazi aliyepunjwa posho, la mke aliyeonyeshwa mkia wa kuku.

Kitabu kilikuja na watu wa pwani. Waarabu na Waswahili walishatua Tabora kabla ya Burton, na kuelekea mwisho wa karne ya 19 tarika ya Qadiriya nayo ikaingia bara, ikiwavuta wapagazi na waliotoka utumwani. Pamoja na dhikiri ilikuja desturi ya kusoma majina ya watu wa Badri, wale 313 waliosimama na Mtume mwaka wa pili wa Hijra, kwa nia ya kumfikishia Mungu mashitaka: ndiyo halbadiri. Wapo mashehe wanaoikataa kabisa, wakisema haina asili katika dini. Wenye kuibiwa hawajawasikiliza sana.

Ukiichunguza halbadiri utaona nguvu yake iko kwenye tangazo. Kabla ya kisomo kupigwa, mtaa mzima huambiwa: aliyechukua ana siku kadhaa za kurudisha, zikipita asimlaumu mtu. Hakuna jina linalotajwa, na hapo ndipo inapomshinda kuku wa mfumu. Asiye na hatia hana cha kuogopa. Mwenye hatia anabaki na ubavu wake usiku, akijisikia tumbo linauma.

Filimbi ni ya juzi. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 silaha zilizagaa, wizi wa ng'ombe ukazidi, na wanavijiji wakalalamika kwamba mtuhumiwa akipelekwa mahakamani anarudi kabla yao kwa kukosa ushahidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mpakani mwa Kahama na Nzega, wakajipanga wenyewe kwa pinde, mishale ya sumu na filimbi. Walijiita Basalama, watu wa salama. Wengi tunawajua kwa jina la sungusungu, wale wadudu weusi wanaouma. Kiongozi wao walimwita ntemi, ingawa serikali ilishafuta utemi mwaka 1963. Polisi na mahakimu walinung'unika, Mwalimu Nyerere na CCM wakawakingia kifua, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ikarekebishwa ili wapate pa kusimama. Adhabu yao iliyoogopwa kuliko faini ni kutengwa: husalimiwi, huuziwi chumvi, ukifiwa unachimba kaburi peke yako.

Ng'ombe walipatikana. Lakini filimbi ile ile ilipulizwa pia mlangoni kwa vikongwe waliosemwa ni wachawi. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, iliyopo hadi leo, inakataza kumtuhumu mtu hivyo, nayo haikuwazuia wauaji wa Usukuma na Unyamwezi kumtambua mchawi kwa wekundu wa macho. Mwanamke aliyepika kwa kuni miaka hamsini atakuwa na macho ya rangi gani?

Kwa hiyo simwoni yule mama wa karanga kuwa mnyonge wa imani. Amefikia umri ambao mtu akipiga yowe la haki hajui litaishia mlango wa nani. Akisema mwachie Mungu, anamtoa Mungu mkononi mwa mfumu na kinywani mwa mpiga filimbi, na katika hayo mashauri matatu, lake peke yake halijawahi kumuua jirani.

Baiskeli za Bukene zikirudi hurudi alfajiri, zimeegemezwa ukutani, bila kengele.