Biblia Darasani: Kutoka Wittenberg hadi Makumira

Historia ya usharika wa Kilutheri haikamiliki bila kutaja darasa. Mchungaji anayesimama mimbarani alitumwa kwanza na Kanisa kwenda chuoni, akae mbele ya Biblia kama mwanafunzi kabla ya kurudi kuihubiri. Desturi hii ni ya tangu mwanzo wa Matengenezo ya Kanisa.

Martin Luther alipata udaktari wa theolojia huko Wittenberg, Ujerumani, mwezi Oktoba 1512, akakabidhiwa kazi ya kufundisha Maandiko Matakatifu. Alianza na Zaburi. Kisha, mwaka 1515 na 1516, akafundisha Waraka kwa Warumi. Zama hizo wanafunzi wa theolojia walitumia muda mwingi kuchambua kitabu cha mafundisho cha Petro Lombardo, cha karne ya 12. Mwaka 1518 chuo kilitengeneza upya mtaala wake. Lugha za Kiyunani na Kiebrania zikapewa nafasi, na Philipp Melanchthon, kijana wa miaka 21, akaitwa kufundisha Kiyunani.

Matunda ya kazi hiyo yaonekana katika neno moja. Luther alisimulia baadaye jinsi alivyoogopeshwa na maneno "haki ya Mungu" katika Warumi 1:17, akidhani ni haki ya hakimu amwadhibuye mkosaji. Kwa kulichunguza andiko alitambua kwamba ni haki ambayo Mungu humpa mwanadamu kwa njia ya imani. Msomaji wa Kiswahili naye anahitaji msaada huo. Kwake "haki" ni neno la mahakamani na la kudai kilicho chake. Asipofafanuliwa, aweza kuisikia Injili kama hukumu.

Katika Tanganyika, Vita Kuu ya Pili vilipowaondoa wamisionari wa Kijerumani, mzigo mkubwa wa sharika uliwaangukia wachungaji na wainjilisti wenyeji. Walihitajika watumishi waliofundishwa vema. Mwaka 1947 mafunzo ya theolojia yalianza Lwandai, katika milima ya Usambara, na mwaka 1954 chuo kikahamia Makumira, karibu na Usa River. Makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania mwezi Juni 1963. Chuo kilikuwa kimetangulia muungano huo kwa miaka 16.

Wanafunzi wa miaka hiyo walikuwa na tafsiri zaidi ya moja za Kiswahili. Biblia ya Karl Roehl, aliyepunguza maneno yenye asili ya Kiarabu, ilitoka mwaka 1937. Ile ya Muungano ilifuata mwaka 1952. Tafsiri zilipotofautiana, mwanafunzi alilazimika kuuliza maandiko ya asili yanasema nini. Hakufanya hivyo ili aidharau Biblia ambayo bibi yake huisoma nyumbani, bali apate kumweleza vema zaidi.

Mwaka 1997 Makumira iliingia katika Chuo Kikuu cha Tumaini, na baadaye sheria, ualimu na muziki vikafundishwa huko pamoja na theolojia. Kanisa lina sababu ya kushukuru kwa upanuzi huo. Hata hivyo, wajibu wa kwanza haukuondoka. Washarika wanaotoa sadaka kwa ajili ya elimu ya theolojia wana haki ya kutazamia kwamba atakayerudi kwao ameisoma Biblia kwa bidii, na kwamba atawafungulia Neno kwa lugha wanayoielewa.