Makazi ya Mpango na Watu wa Fizi na Baraka

Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliunda Office des Cités Africaines (OCA), shirika la kuwajengea Waafrika nyumba mijini. Mitaa yake ilichorwa kabla ya kukaliwa: nyumba za kudumu zenye umbo sahili, shule, soko na maeneo ya wazi yenye miti. Katika ukanda wa Kivu na Ziwa Tanganyika, OCA ilijenga Bagira huko Bukavu na Ngagara huko Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura. Fizi, kituo cha utawala mlimani, na Baraka, mji mdogo wa ziwani, zilibaki nje ya mpango huo.

Makazi hayo yalikuwa na sura mbili. Yaliwapa watu paa imara na nafasi ya bustani. Lakini pia yaliwatenga na mitaa ya Wazungu, na mkaaji hakuulizwa sebule yake iwe wapi.

Vita vya 1964 na 1965 viliwatoa wengi wa Fizi makwao. Mwaka 1996 maelfu walivuka ziwa, wakapokewa katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Mwaka 2015 Ngagara ulikuwa miongoni mwa mitaa ya maandamano Bujumbura, na wakimbizi wa Burundi wakapewa hifadhi Lusenda, katika eneo la Fizi. Hivyo waliokosa mtaa wa mpango waligeuka wenyeji wa kambi ya mpango.

Ni dhahiri basi kwamba mchoro wa mhandisi hautoshi kuifanya nyumba kuwa makazi. Amani na kauli ya mkaaji ndiyo misingi yake.