Kingoma cha Karagwe

Wapenzi wa michezo ya mezani huko Ulaya na Marekani hukesha na visanamu vya wachawi: wanavikwangua, wanavipaka rangi ya msingi, kisha wanachora joho na ndevu kwa brashi nyembamba. Mtu mzima na mchawi wa ukubwa wa kidole! Usicheke, msomaji. Ukitoka Izimbya kuelekea magharibi unafika Karagwe, ambako vitu vidogo vilikuwa mambo ya ikulu.

Speke alifika huko mwaka 1861, akasimuliwa jinsi Rumanyika alivyorithi kiti cha baba yake, Ndagara. Ndugu waligombea, wakawekewa kingoma kidogo chenye dawa. Wengine walishindwa hata kukisogeza. Rumanyika akakiinua kwa kidole.

Mwaka 1876 ikawa zamu ya Stanley. Aliingia nyumba ya hazina, akahesabu bata wa shaba na ng'ombe wasio na vichwa, akaviona kazi duni. Shida ni hapo: alipima ufundi tu. Kwa Karagwe, swali lilikuwa nani ana haki ya kukishika.