Nyimbo Zilizotutunza: Korali za Sauti Nne katika Siku za Dhiki, Tanga na Usambara

Tunapoisimulia miaka 100 ya usharika wetu, ni desturi kuhesabu majengo, wachungaji, wainjilisti na idadi ya waliobatizwa. Hayo yote ni ya shukrani. Hata hivyo, uko urithi mmoja usioandikwa katika daftari la mali za Kanisa, nao ni korali za Kilutheri zinazoimbwa kwa sauti nne. Sura hii fupi yaeleza nyimbo hizo zilitoka wapi, na jinsi zilivyowafariji waliotutangulia wakati wa shida.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba nyingi za korali hizi hazikutungwa na watu waliokuwa katika raha. Philipp Nicolai alikuwa mchungaji wa mji wa Unna nchini Ujerumani wakati tauni ilipouangamiza mwaka 1597. Katikati ya mazishi ya kila siku alitunga nyimbo zilizochapishwa mwaka 1599, nyimbo zenye kutazamia furaha ya mbinguni. Martin Rinckart, aliyetupa wimbo mkuu wa shukrani, alihudumu Eilenburg katika Vita ya Miaka Thelathini (1618–1648). Mwaka 1637 tauni ilipouingia mji ule alizika maelfu ya watu, na mkewe alikuwa miongoni mwa waliokufa mwaka huo. Paul Gerhardt (1607–1676) alipata watoto watano, akabaki na mmoja tu. Baadaye Johann Sebastian Bach, aliyefiwa na wazazi wote wawili kabla ya kutimiza miaka 11, alizipanga beti za Gerhardt kwa sauti nne katika Mateso ya Bwana kwa kadiri ya Mathayo. Basi nyimbo hizi zilipovuka bahari na kutufikia, zilikuwa zimekwisha kupimwa motoni.

Zililetwa kwetu na wamisionari wa chama kilichoanzishwa Berlin mwaka 1886, ambacho baadaye kilijulikana kama Misioni ya Betheli. Kazi ilianza Tanga mwaka 1890, na mwaka uliofuata ikapanda Mlalo katika milima ya Usambara. Maneno yakafasiriwa kwa Kishambaa na kwa Kiswahili. Kazi hiyo haikuwa nyepesi, kwa maana Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali tuni nyingi za Kijerumani huishia kwenye silabi yenye uzito. Hata leo mwimbaji makini atasikia mahali ambapo neno na tuni vinavutana. Wazee wetu waliushinda ugumu huo kwa kuimba polepole, kila neno likipewa nafasi yake.

Ndipo likaja jaribu. Tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914 vita ilipiganwa katika mji wa Tanga wenyewe. Mwezi Julai 1916 Waingereza wakauteka mji, na kufikia mwaka 1920 wamisionari wa Kijerumani walikuwa wameondolewa nchini. Katikati ya miaka hiyo wengi walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi, na homa kuu ya mafua ya mwaka 1918 ikaleta vifo vingine. Sharika zikabaki mikononi mwa walimu na wazee Waafrika mpaka wamisionari walipoanza kuruhusiwa kurudi mwaka 1925.

Hapa tutafakari. Kwa taratibu za Kanisa letu, Meza ya Bwana huhudumiwa na mchungaji aliyebarikiwa. Lakini somo, sala na wimbo havikungoja meli kutoka Ulaya. Mwalimu aliweza kuanzisha korali, na watu wakaitikia kwa moyo, hata asiyejua kusoma. Kwa njia hiyo mafundisho ya imani yaliendelea kukaa vinywani mwa watu. Jaribu kama hilo lilirudi katika Vita Kuu ya Pili, wamisionari wa Kijerumani walipowekwa kizuizini. Ndugu Walutheri wa Marekani na Swideni walisaidia, lakini walioibeba ibada ya kila Jumapili walikuwa wenyeji. Wakati makanisa 7 yalipoungana tarehe 19 Juni 1963 kuwa Kanisa moja la Kiinjili la Kilutheri, Kanisa la Usambara-Digo liliingia likiwa limekwisha kujifunza kusimama.

Faraja ya korali haimo katika maneno peke yake, imo pia katika namna ya kuimba. Katika utumishi wangu nimesimama kwenye makaburi mengi, hasa katika miaka ya 1990 ugonjwa wa ukimwi ulipotuachia yatima katika kila mtaa. Mara nyingi nimeona mfiwa akianza ubeti, kisha sauti yake ikakatika kwa kilio. Wimbo haukukatika. Besi iliendelea chini, alto na tena zikashikilia katikati, na soprano ikaongozwa na mwingine mpaka yule mfiwa alipopata nguvu ya kurejea. Hata jirani zetu Waislamu, waliokuja kuzika pamoja nasi kama ilivyo desturi njema ya Tanga, walisimama kimya wakasikiliza.

Wala sisi si wapokeaji tu. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa wa Bukoba alitunga wimbo wa Pasaka, Mfurahini, Haleluya, akautia katika tuni ya Kihaya. Leo umo katika kitabu cha nyimbo cha Kanisa la Kiinjili la Ujerumani, namba 116. Waliotuletea nyimbo za faraja sasa wanafarijiwa kwa wimbo wetu.

Lakini urithi usiofundishwa hufa pamoja na wazee. Katika sharika nyingi vinanda vya umeme na vipaza sauti vimechukua nafasi ya sauti ya usharika, na vijana wanaoweza kushika tena au besi bila msaada wanapungua. Hatuvikatai vyombo vipya. Twaomba tu kwamba kila mwalimu wa kwaya afundishe korali moja ya sauti nne kila mwezi, na kwamba watoto wa kipaimara waihifadhi kwa moyo. Paulo na Sila waliimba gerezani Filipi usiku wa manane bila kitabu wala kinanda. Usiku wa namna hiyo utawafikia watoto wetu pia. Mungu atujalie wawe na cha kuimba.