Skrini Inaonyesha Nini?

Vijana wenzangu, watu wanasemaga gari lisilo na dereva halina mtu. Mara nyingi yuko, ila amekaa ofisini mbali kabisa, anaangalia skrini ili asaidie gari likikwama. Sasa hiyo skrini imwonyeshe nini? Swali hili ni la zamani kuliko hayo magari.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza waliweka watu wa kuangalia rada ili kutafuta nyambizi za Wajerumani. Alama zikawa zinawapita. Mwanasaikolojia Norman Mackworth aliwapima watu kwa saa ambayo mshale wake, mara chache tu, unaruka hatua mbili. Matokeo aliyotoa 1948 yalionyesha kwamba baada ya nusu saa mtu anaanza kukosa. Huo si uvivu, ndivyo binadamu alivyo. Kwa hiyo skrini nzuri haimwachii mtu kazi ya kukodoa macho saa nzima, inamwita.

Lakini kuita ovyo nako ni hatari. Tarehe 28 Machi 1979, kwenye kituo cha nyuklia cha Three Mile Island, Marekani, valvu moja ilibaki wazi na maji ya kupoza mtambo yakawa yanatoka. Taa yake ilizimika, wafanyakazi wakaamini imefunga. Kumbe taa ilikuwa inafuata amri tu, haikujua valvu yenyewe ikoje. Na kengele zaidi ya 100 zililia kwa pamoja, wasijue waanzie wapi.

Hapa kwetu Maziwa Makuu, Desemba 2013, MONUSCO ilianza kurusha droni zisizo na silaha kutoka Goma. Mei 2014, waliokuwa kwenye skrini waliona boti inazama Ziwa Kivu. Wakatuma msaada, watu zaidi ya kumi wakaokolewa. Droni ilileta picha, lakini kuelewa kwamba watu wanakufa ilikuwa kazi ya binadamu.

Ndugu zetu wa mashirika, na sisi wakimbizi tuko kwenye skrini zenu. Ikiandikwa "chakula kimetumwa", hiyo ni kama ile taa: amri imetoka. Kufika ni jambo lingine. Skrini ionyeshe vyote viwili, na pawepo namba ya mtu wa kupigiwa simu huku Bujumbura, aende aangalie sahani.